Neno la Marehemu Kuhusu Hisa

Kwa miaka ishirini na sita alilipwa mshahara kusema "mimi" kwa niaba ya watu wengine. Shahidi akieleza kwa lugha ya kwao kwamba alimwona mtu akiruka ukuta, mkalimani wa mahakama hasemi "anasema alimwona." Husema, "Nilimwona akiruka ukuta," kwa sauti ya wastani, uso mkavu, mikono nyuma. Kwa hiyo mwanamke huyu, ambaye hajapata kuiba hata sindano, alikwisha kukiri mbele ya mahakimu sita makosa ya kila namna: kuiba ng'ombe, kutelekeza watoto, kupigana kwa chupa, na mara moja, kwa sauti ileile ya wastani, kuua. Akitoka hapo alipitia sokoni kununua mboga. Mumewe alimpokea mlangoni kwa swali lilelile: "Leo umefungwa miaka mingapi?"

Mumewe alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka masokoni na madukani na mawe yake ya shaba ndani ya sanduku la mbao, akipima mizani za watu kama zinasema kweli. Alikuwa mzito wa kusema na mzito zaidi wa kubadili alichokwisha kusema. Kuuza kitu hakujua. Redio ikifa aliitengeneza. Ikifa tena aliiweka kabatini ipumzike.

Mtu huyo ndiye aliyewashawishi ndugu zake wawili wachanganye akiba zao na yake, wanunue hisa za kiwanda cha saruji. Dada yake mkubwa alikuwa na kibanda cha kufua na kupiga pasi karibu na posta, na mtaa mzima ulimwita Bi Pasi. Mdogo wake alikuwa dereva wa lori, msomaji wa kila gazeti alilolikuta, hata lililofungiwa misumari, wakamwita Profesa. Hisa ziliandikwa kwa jina la mkaguzi wa mizani peke yake, kwa kuwa ndugu walisema jina moja lililonyooka ni bora kuliko matatu yanayovutana. Kila mwaka kiwanda kilitoa gawio, na fungu la Bi Pasi lilimtosha kulipa kodi ya kibanda miezi mitano. Yeye alikuwa akijisemea kwamba akifika miaka sitini ataketi chini, na hisa zitasimama badala yake.

Hisa moja ilikuwa shilingi arobaini na moja siku mkaguzi wa mizani alipoanguka bafuni. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, kuanzia uso hadi unyayo. Wiki ileile soko la hisa nalo likaanza kuanguka, kana kwamba walikuwa wamepatana. Siku ya tano mfululizo, dalali wao wa hisa akapiga simu wodini. Mke aliiweka simu juu ya shuka, akafungua sauti ili mgonjwa asikie.

"Baba, pole na kuugua," dalali alisema. "Samahani sana kukusumbua. Tumetoka arobaini na moja, sasa tuko ishirini na sita, na wauzaji wamepanga foleni. Nifanyeje?"

Mgonjwa alielewa. Aliinua mkono wa kushoto, kiganja kikitazama chini, kama mtu anayetuliza mbwa, akasema neno moja. Lilitoka limekwaruzika lakini zima: "Ngoja." Mkewe alilisikia bila shaka yoyote. Siku zile yeye ndiye mtu pekee aliyeelewa kila alichosema, hata wauguzi walikuwa wakimwita awatafsirie kama mgonjwa anataka maji au anataka kugeuzwa.

"Mama, sijamsikia," dalali akasema. "Baba amesema nini?"

Hapo palikuwa na nafasi ya pumzi mbili. Katika pumzi ya kwanza aliwaona mawifi na mashemeji wameketi sebuleni kwake, fedha zao zimekuwa sifuri, wakisema kaka alikuwa hajiwezi lakini mkewe alikuwa na masikio na miguu, alikaa tu akazitazama zikiyeyuka. Katika pumzi ya pili aliona bili ya wodi. Akajibu kwa sauti ya wastani, uso mkavu, na kwa desturi ya kazi yake hakusema "anasema."

"Nimesema uza," alimwambia dalali. "Uza zote."

Siku kumi na moja baadaye mumewe akafa, na katika siku hizo zote hawakulizungumza jambo hilo.

Wiki tatu baada ya simu ile, maziko yamekwisha na viti vya kukodi vimerudishwa, hisa ileile ilikuwa kumi na tisa. Profesa ndiye aliyeleta habari. Aliingia na gazeti limekunjwa mahali penyewe, akalitandaza mezani mbele ya ndugu na majirani waliokuwa bado wanakuja kutoa pole, akapiga kidole juu yake.

"Mnaona, jamani? Watu wazima na shahada zao wamelia, wamenasa humo! Kaka yuko kitandani, nusu ya mwili imekufa, anasema uza! Yule hakuwa mtu, alikuwa darubini."

"Aliona mbali," mmoja akaitikia.

"Mbali? Aliona upande wa pili!"

Watu wakacheka kile kicheko kinachoruhusiwa msibani, cha kumsifu marehemu. Mjane akanyamaza. Baadaye, kila alipojihukumu, kunyamaza huko kulimwelemea kuliko neno la wodini. Neno la wodini lingeweza kuitwa hofu. Hofu haina muda. Lakini siku ile alikuwa na saa nzima, chai mkononi, na alichagua. Alijiambia kwamba anamlindia mumewe heshima. Jina la nyumba yao lilikuwa likitajwa kwa wema tangu zamani, sasa lilikuwa linatajwa kwa mshangao, na mke gani angemvua mumewe vazi kama hilo siku za maziko?

Wiki iliyofuata Bi Pasi alikuja kumsaidia kukunja shuka za msiba. Wakashika ncha, mmoja huku na mmoja huku, wakasogeleana.

"Wifi," Bi Pasi akauliza kwa upole, "kaka alisema turudi lini?"

"Alisema tungoje."

Neno lilikuwa la marehemu kweli. Mahali alipoliweka ndipo palipokuwa pa uongo. Shahidi angefanya hivyo mahakamani, yeye angemjua kabla hajafika nukta.

Wakangoja. Mirathi ikapita mahakamani, fedha zikawekwa benki kwa majina ya watatu, yeye akiwa ndiye mtu wa kuzungumza na dalali. Mwaka wa kwanza kungoja hakukuwa na ubaya. Hisa ililala kwenye kumi na tisa kama mbwa kivulini, na kila mwisho wa mwezi Profesa alitangaza kwamba bado itashuka, kaka alijua. Kisha ikaamka. Ikawa ishirini na moja. Profesa akasema huo ni mtego. Ikawa ishirini na tatu.

"Chelewa chelewa utakuta mwana si wako," Bi Pasi akasema.

"Mwenda pole hajikwai, dada."

"Mwenda pole angalau anakwenda. Wewe umekaa."

Wote wawili wakamgeukia mjane.

"Shemeji," Profesa akauliza, wala hakuwa akitania, "marehemu hajabadili?"

Akajibu kwamba hajabadili. Ilikuwa kama kumjibia mtu aliyeko chumba cha pili.

Na kwa kweli chumba cha pili hakikuwa kitupu. Soko la hisa lilifunguliwa saa nne asubuhi, na mumewe alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo, kusafisha koo, kabla ya kumpigia dalali. Sasa, siku za kazi alizokuwa nyumbani, saa nne kasoro dakika chache, alisikia kikohozi hicho kikitoka chumbani, mchana mweupe, madirisha wazi, jirani akitwanga, gari la maji taka likipita. Alikwenda kutazama. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Siku za mapumziko ya soko hakusikia kitu. Hilo ndilo lililomtisha zaidi: kwamba anafuata kalenda.

Hakumwambia mtu. Mwanamke msomi haendi kuwaambia watu kwamba mumewe anakohoa. Lakini baadaye sauti hiyo ikamfuata kazini. Siku hiyo alikuwa akimtafsiria bibi mmoja katika kesi ya shamba. Hakimu alimwuliza bibi yule kwa nini alimzuia mwanawe kutia saini, na bibi akajibu kwa lugha ya kwao, waziwazi, kwamba alimwambia mwanawe angoje. Mkalimani akafungua kinywa kusema, "Nilimwambia angoje." Akasikia begani kwake, upande wa kushoto, mtu anavuta pumzi, kama anayejiandaa kusahihisha.

Neno halikutoka.

"Mkalimani," hakimu akasema, "shahidi amesema nini?"

Chumba kizima kikamtazama. Mawakili wawili, karani, mdaiwa, bibi mwenyewe aliyekuwa amekwisha kusema kweli yake na sasa anashangaa kwa nini haifiki.

"Mheshimiwa, naomba dakika moja."

Dakika hiyo ikawa tano. Karani akampelekea maji, akamnong'oneza, "Mama, leo ulimi umefungiwa rumande?" Alicheka kwa adabu, akarudi, akatafsiri. Lakini sauti haikuwa ya wastani tena, ilitetemeka, na hakimu, ambaye alimheshimu, akamwita ofisini mchana akamshauri achukue likizo. Kwa miaka ishirini na sita hakuna hata siku moja neno lake lilipotiliwa shaka. Alitoka mahakamani akishika mkoba kwa mikono miwili.

Siku ya tatu ya likizo, Alhamisi, alikwenda kwa dalali. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la viatu, feni moja, skrini mbili, na benchi la wateja lililong'aa kwa kukaliwa. Dalali alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mcheshi, tai imelegea.

"Mama! Karibu. Nilijua ipo siku utakuja. Leo ni ishirini na tano."

"Nimeona. Nataka uniambie jambo moja. Mtu ajuaje kwamba sasa ndio wakati?"

"Hajui."

"Nimepanda ngazi zote hizo uniambie hajui?"

Dalali akacheka. "Mama, hapa huja watu wa aina mbili. Wa kwanza anataka ishuke zaidi kidogo ndipo anunue. Wa pili anataka ipande kidogo ndipo aamini. Wote wawili nawapa chai, wanarudi nyumbani. Chini ni wapi? Chini hujulikana ukishapita. Ningekuwa naijua, ningekuwa na feni mbili."

"Basi wanaonunua hununuaje?"

"Wenye busara hawanunui siku moja. Wanagawa. Robo leo, robo mwezi ujao, na mwingine. Ikipanda, una kitu ndani. Ikishuka, una kitu cha kununulia. Na fedha ya kodi ya nyumba hawaigusi." Akasogeza skrini. "Ila kuna hili. Kiwanda kimetangaza gawio, la kwanza tangu anguko. Ukinunua kabla ya Jumanne jioni, jina lako litawahi kuingia kwenye daftari la wanahisa. Baada ya hapo, mpaka mwakani."

Bi Pasi alimjia akilini, amesimama.

"Nyumba yenu naiheshimu sana," dalali akaendelea. "Kila mteja akihangaika namsimulia habari za baba. Nasema, namjua mtu mmoja aliuza ishirini na sita akiwa kitandani hospitali." Akazungusha kalamu. "Lakini nikuambie kweli, mama? Siku ile nilishangaa. Miaka yote nimefanya naye kazi, baba hakuwa mtu wa kuuza."

Alimshukuru, akashuka ngazi. Ilikuwa imekaribia saa nne na nusu asubuhi, jua kali, wauza viatu wanapiga makofi kuita wateja, na nyuma yake kwenye ngazi akasikia hatua za mtu anayeburuta mguu mmoja. Alijua hatageuka. Akatembea hadi nyumbani bila kugeuka.

Jumamosi ndugu wakakutana kibandani kwa Bi Pasi, kwa kuwa yeye hakuweza kuacha kazi. Tangu gawio lilipokatika alichukua shuka za nyumba ya wageni, shuka hamsini kwa siku, ili kodi itoshe. Alikuwa na miaka sitini na mbili. Miguu ilikuwa imevimba juu ya ndala, na kamba za ndala zimezama kwenye nyama. Alizungumza akipiga pasi, mvuke ukimpanda usoni.

Mjane akawaeleza habari ya gawio na siku ya Jumanne. Profesa akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kama daktari.

"Ishirini na tano? Tuliuza ishirini na sita. Tukinunua leo tumefanya nini? Tumezunguka mti tukarudi palepale. Kaka hakuuza ili turudi kwa bei ileile. Lazima irudi kumi na tisa."

"Na isiporudi?" Bi Pasi akauliza.

"Itarudi. Kaka alisema tungoje."

"Hilo kweli alisema." Bi Pasi akageuza shuka, akainyoosha kwa kiganja. "Mimi soko silijui. Kaka yangu namjua. Kama yeye kasema tungoje, nitasimama hapa hata miaka kumi. Wifi yangu, haijabadilika, sivyo? Bado anasema tungoje?"

Mjane akatazama ndala zile.

Alisimama. Mikono ikaenda nyuma yenyewe, akairudisha mbele.

"Hakusema uza," akasema.

"Nani?"

"Marehemu. Dalali alipopiga simu, yeye alisema ngoja. Nilimsikia vizuri, wala hapakuwa na kelele. Dalali hakumsikia, akaniuliza. Mimi ndiye niliyesema uza. Kisha mlipouliza turudi lini, nikachukua neno lake la siku ile nikawapa kama jibu. Kwa habari ya kurudi hakusema kitu. Hajasema kitu mpaka leo. Miaka miwili mmenisikiliza mimi."

Bi Pasi alinyoosha mkono akazima pasi ukutani, jambo ambalo hakulifanya mchana hata siku moja.

Profesa ndiye aliyepata sauti kwanza. "Shemeji, hebu ngoja. Kwa hiyo darubini…" Akavua kofia. "Nimemsimulia kila mtu! Nimewasimulia polisi wa barabarani! Kituo cha mafuta wananiita ndugu wa yule aliyeona!"

"Najua, shemeji."

"Hujui! Sasa niwaambie nini? Kwamba alikuwa mkeo… mkewe… Mungu wangu. Sikilizeni. Hili lisitoke hapa. Limetufaa, halijamdhuru mtu. Tuliuza ishirini na sita ikashuka kumi na tisa, nani ameumia? Aliyesema alisema, faida ni faida."

"Faida ya nani?" Bi Pasi akasema. "Tungengoja kama kaka alivyosema, leo ningekuwa na hisa zangu zilezile na magawio yajayo. Niangalie miguu yangu, halafu useme faida."

Profesa akazungusha kofia mikononi.

"Na lisitoke kwa nini?" Bi Pasi akaendelea, na sauti yake ilikuwa inapanda. "Mnamsifu kaka yangu kwa kitu ambacho hakukifanya, halafu alichokifanya mnakificha? Kaka yangu hakuwa mganga wa kuota bei. Alikuwa mtu asiyeyumba. Nusu ya mwili haipo na bado hakuyumba. Hiyo ndiyo sifa yake, na nyinyi mmempa ya mtu mwingine." Akamgeukia mjane. "Ulipomwambia dalali uza, kaka alisikia?"

"Alisikia. Simu ilikuwa juu ya shuka."

"Akafanyaje?"

"Alifumba macho."

Nje mteja akabisha akiuliza shati lake. Bi Pasi akamwambia arudi kesho, bila kumtazama.

"Basi," akasema hatimaye. "Mimi na wewe bado. Lakini hilo ni la mimi na wewe. La fedha ni jingine. Sasa sema kwa kinywa chako: turudi au tusirudi?"

Mjane hakuwa amewahi kuulizwa hivyo. Alisubiri pumzi begani, haikuja. Na kutokuja kwake kukamwogopesha kama kuja.

"Sijui kama itapanda," akasema. "Dalali hajui, shemeji hajui, magazeti hayajui. Tumekuwa tukingoja kujua, na kujua hakutakuja. Mimi nanunua robo ya fungu langu Jumatatu. Robo nyingine mwezi ujao, na mwingine, ipande ishuke. Nikikosea, ni mimi niliyekosea. Mafungu yenu msinipe mimi niyasemee."

"Yangu robo pia," Bi Pasi akasema. "Ila simu nitapiga mwenyewe."

Profesa akasema yeye atafikiri, na mpaka leo anafikiri.

Jumatatu saa nne mawifi hao wawili waliketi kibandani, simu juu ya meza ya kupigia pasi. Soko lilikuwa limefunguka kwa ishirini na saba, kwa kuwa kila mtu aliutaka mlango uleule wa Jumanne.

"Ishirini na saba?" Bi Pasi akafoka. "Alhamisi ilikuwa ishirini na tano! Punguza."

"Mama, hisa haipunguzwi. Si nyanya."

"Kila kitu kinapunguzwa. Mimi ni mteja mgeni."

"Mama, ningepunguza ningekupunguzia. Ninunue au nisinunue?"

Bi Pasi akavuta pumzi. Mjane, kando yake, aliona mkono wa wifi yake ukiinuka juu ya meza, kiganja kikitazama chini, mkono wa kaka yake kabisa. Kisha mkono ukatua juu ya mbao, ukapiga mara moja.

"Nunua," Bi Pasi akasema. "Umenisikia? Nimesema nunua robo. Asije mtu akakwambia nimesema kingine."

"Nimekusikia, mama. Na yule mama mkalimani yupo hapo?"

"Yupo."

"Nunua na yangu robo," mjane akasema.

Walipata majina yao kwenye daftari la wanahisa. Alhamisi, waliokuwa wanawania gawio tu wakauza, na hisa ikateremka hadi ishirini na tatu. Mjane aliona asubuhi. Hofu ya wodini ilimrudia nzima kama nguo iliyotunzwa vizuri. Aliishika simu, akaiweka, akaishika. Hakupiga. Alikaa juu ya mikono yake mpaka soko likafungwa, na siku hiyo chumbani hakukuwa na kikohozi. Angetoa kitu kikubwa akisikie.

Alasiri mtu akabisha hodi. Alikuwa Bi Pasi, amevaa viatu vya kufunga. Hakuwa amekuja nyumba ile tangu Jumamosi.

"Karibu, wifi," mjane akasema haraka. "Najua imeshuka. Lakini robo tatu bado ziko benki, na ndiyo maana tuligawa, ili…"

"Dalali kanipigia. Nimemwambia ikibaki rahisi hivi, mwezi ujao aninunulie robo nyingine. Sabuni ikishuka bei hulii, unanunua. Sikuja kwa hilo."

Akaketi kwenye kiti cha kaka yake. Akaweka mkoba miguuni, akauondoa, akauweka mapajani.

"Ulisema alifumba macho."

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuja asubuhi na jioni kumtia dawa ya jicho la kulia. Daktari alisema kope imekufa, jicho halifumbi, litakauka. Hata akilala lilikuwa wazi. Hata tulipomwosha. Siku tano sasa napiga pasi nafikiri. Sasa kaka yangu alifumbaje macho?"

Mjane akatafuta pa kutazama. Sebule ilikuwa ileile, pazia, meza, mlango wa chumbani uliosindikwa nusu. Aligundua kwamba kwa miaka miwili alikuwa akijisimulia siku ile, na kila mara akiifunga kwa macho mawili yaliyofumba, kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyowezekana kuendelea kuishi.

"Alifumba la kushoto," akasema.

"Na la kulia?"

"La kulia lilibaki linanitazama."

Bi Pasi akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anayepokea mzigo alioujua uzito wake. Hakulia. Alifungua vifungo vya viatu, akaviacha, akanyoosha ile miguu yake iliyovimba katikati ya zulia.

"Kisha?" akasema. "Endelea. Leo nimefunga kibanda."